Maswali ya Wasomaji: Shamba la Ngano New York, Sanamu za Chokoleti Lusanga

Katika toleo lililopita safu hii iligusa kwa ufupi wasanii wanaokosoa kilimo cha mashamba makubwa na mfumo wa chakula unaotokana nacho. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Nimechagua hizi tano na kuzifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Nikiwaambia wanafunzi wangu wachore kilimo, karibu wote huniletea mama mwenye jembe, mtoto mgongoni na jua linalozama. Sikatai uzuri wa picha hizo, lakini zimeshafanana mno. Uliandika kwamba kuna wasanii wanaokosoa mfumo mzima wa chakula. Mfumo hauna sura, unachorwaje?
Mwalimu wa sanaa za ufundi, Iringa

JIBU: Mwalimu, mama mwenye jembe huchorwa kwa urahisi kwa sababu anaonekana. Mkopo wa pembejeo, hati ya ardhi, bei ya nafaka inayopangwa kwenye soko la Chicago na bwawa la kinyesi cha mifugo lililo nyuma ya uzio havionekani, na sehemu kubwa ya nguvu ya kilimo cha viwandani inatokana na huko kutoonekana. Wasanii ninaowaona wamefaulu hawakujaribu kuuchora mfumo. Walichukua kitu kimoja kutoka ndani yake wakakiweka mahali ambapo hakuna aliyekitarajia, au walikitazama kutoka upande ambao wenye mali walisahau kuuziba.

Mfano wa njia ya kwanza ni Agnes Denes, msanii mzaliwa wa Budapest anayeishi Marekani. Mwaka 1982 alipanda ekari mbili za ngano kwenye kifusi kusini mwa Manhattan, hatua chache kutoka Wall Street, mahali palipojazwa udongo na mawe yaliyochimbwa wakati wa kujenga majengo pacha ya World Trade Center. Malori 200 ya udongo yaliletwa. Mitaro 285 ya kupandia ilichimbwa kwa mikono, baada ya kuokota mawe na takataka. Mbegu ziliingia ardhini mwezi wa Mei, na tarehe 16 Agosti ngano ikavunwa, zaidi ya kilo 450. Wakati huo kiwanja hicho kilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 4.5. Katika picha zilizobaki, Denes amesimama na fimbo katikati ya masuke yanayofika kiunoni, na minara ya benki imejaa nyuma yake. Hakuandika bango wala kuchora mtu mwenye njaa. Aliliacha swali la bei lijiulize lenyewe: ikiwa ekari mbili zina thamani ya mabilioni pale tu zisipolimwa, ni nani atakayezilima? Kiwanja hicho leo kimejaa maghorofa ya makazi na ofisi.

Njia ya pili ni ya Mishka Henner, mzaliwa wa Brussels anayefanya kazi Uingereza. Kati ya mwaka 2012 na 2013 alikuwa akitafuta visima vya mafuta vya Marekani katika picha za setilaiti zilizo wazi kwa yeyote mwenye intaneti, akakutana na maumbo asiyoyaelewa. Yalikuwa mazizi ya kunenepeshea ng'ombe huko Texas, ambako maelfu ya ng'ombe hulishwa nafaka kwa miezi kadhaa kabla ya kuchinjwa. Aliunganisha mamia ya vipande vya picha hizo hadi akapata picha kubwa zenye maelezo ya kushangaza. Ile ya zizi la Coronado Feeders, karibu na mji wa Dalhart, ukiitazama kwa mbali unadhani ni mchoro wa rangi tu: miraba ya kijivu na kahawia, na upande mmoja bwawa jekundu lililokolea, kama kidonda kilichoachwa wazi. Ukisogea unaona nukta nyeusi na nyeupe ndani ya miraba. Kila nukta ni ng'ombe, na bwawa ni mahali kinapotiririshwa kinyesi na mkojo wao wote.

Wakati Henner akifanya kazi hiyo, majimbo ya Iowa na Utah yalikuwa yamepitisha, mwaka 2012, sheria za kumtia hatiani mtu anayejipenyeza kwenye mashamba ya mifugo ili apate ushahidi wa yanayotendeka humo. Ile ya Utah ilibatilishwa na mahakama ya shirikisho mwaka 2017 kwa kukiuka uhuru wa kujieleza. Sheria zilifunga lango, lakini juu kulikuwa wazi. Waonyeshe wanafunzi wako picha hiyo bila kuwaambia ni nini, uwape muda wa kukisia, kisha waambie.

SWALI: Nimefanya kazi ya ugani katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi. Bila mbolea ya kupandia na kukuzia mahindi hayatoi, na bila kupulizia dawa viwavijeshi humaliza shamba. Wasanii hawa wanaishi mijini, wanakula milo mitatu, kisha wanatufundisha kwamba kilimo cha kisasa ni kibaya. Je, huo si ubishi wa walioshiba?
Bwana shamba, Njombe

JIBU: Bwana Shamba, sehemu ya lawama yako naikubali bila masharti. Zipo kazi nyingi zinazobandika fuvu la kichwa kwenye hindi na kudhani zimesema jambo. Zinamfurahisha mtazamaji aliyekwisha kukubaliana nazo, na hazimfundishi mtu mwingine chochote. Hizo nakuachia uzicheke.

Lakini usiwaweke wote katika kapu moja. Utafurahi kusikia kwamba shamba la Denes, kwa maelezo yake mwenyewe, lilipaliliwa, lilisafishwa fugwe (ugonjwa wa ngano), liliwekwa mbolea, lilipuliziwa dawa ya ukungu na kumwagiliwa. Na mavuno yake hayakuwa ya kujivunia: magunia matano ya kilo 90 kwa ekari mbili, ambayo mkulima wa Karatu angeyatazama na kuuliza kulikoni. Hakuwa akishindana na wewe katika tija. Alikuwa akiuliza kuhusu matumizi ya ardhi na mgawanyo wa chakula, na hayo hayajibiwi na mfuko wa mbolea ya DAP.

Wala si wote waliozaliwa mbali na shamba. Ester Hernández alizaliwa mwaka 1944 Dinuba, katika bonde la San Joaquin huko California, kwenye familia ya vibarua wa mashambani wenye asili ya Meksiko. Bonde hilo ndilo lenye mizabibu inayotoa zabibu kavu zinazouzwa dunia nzima katika kisanduku chekundu cha Sun-Maid, chenye picha ya msichana mwenye kofia nyekundu na kapu la zabibu mikononi. Aliposikia kwamba maji ya kwao yamechafuliwa na dawa za mashambani, maji ambayo watu wake walikuwa wakiyanywa na kuyaoga kwa miaka mingi, alitengeneza chapa ya skrini mwaka 1982 na kuiita Sun Mad. Kisanduku ni kilekile, kofia ni ileile, jua la njano liko palepale nyuma ya kichwa, kapu limejaa zabibu. Msichana tu ndiye amekuwa mifupa anayecheka. Chini yake, mahali ambapo kampuni huandika sifa za bidhaa, ameorodhesha dawa za kuua wadudu, utitiri, magugu na kuvu. Nakala moja imehifadhiwa katika jumba la taifa la sanaa ya Marekani la Smithsonian. Huyo hakuwa akikejeli upuliziaji kutoka ghorofani. Alikuwa akiwasemea wapuliziaji na watoto wao. Wewe mwenyewe, katika kazi yako, bila shaka umewahi kumkuta mtu amebeba bomba mgongoni bila barakoa, na kopo la dawa likaishia kuwa la kuchotea maji nyumbani.

Nikuongezee mfano ulio karibu zaidi. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali ya Tanzania, huko Basotu, Hanang, yaliyoanza miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, yalienea hadi karibu ekari 100,000. Trekta zilikuwapo, mbegu bora ilikuwapo, na ngano ilipatikana. Eneo hilo lilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, na makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali patakatifu, yalilimwa pamoja na nyasi. Kesi zilifikishwa mahakamani. Ripoti ya mavuno ya miaka ile ina safu ya tani na safu ya ekari, na haina safu ya makaburi. Msanii ninayemheshimu ni yule anayeiongeza safu hiyo ya tatu kwenye karatasi yako ileile, akaacha zile mbili za kwanza zisomeke.

SWALI: Nimelelewa kwamba chakula hakichezewi, na anayemwaga nafaka anaitafuta njaa. Nilishtuka niliposoma kwamba Marekani mtu alijenga sanamu kwa sukari. Hiyo si kufuru?
Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Mama, shikamoo. Nilivyoisoma barua yako, nadhani umeigusa kazi hiyo penye uhai wake, kwa sababu msanii naye alitaka tushtuke, ingawa kwa sababu nyingine.

Sanamu unayoisema ni ya Kara Walker, msanii Mweusi wa Marekani, na ilionyeshwa kiangazi cha mwaka 2014 ndani ya kiwanda cha zamani cha kusafishia sukari cha Domino, Brooklyn, muda mfupi kabla sehemu kubwa ya kiwanda hicho kubomolewa. Ilikuwa ya mwanamke Mweusi mwenye kilemba, amelala kifudifudi akijiinua kwa mikono kama yule simba-mtu wa mawe wa Misri, kimo chake mita zaidi ya kumi na urefu wa zaidi ya ishirini. Ndani mlikuwa na matofali ya povu gumu, na juu yake makumi ya tani za sukari nyeupe zilizotolewa na kampuni yenyewe. Kuzunguka palisimama watoto wa kiume wa rangi ya molasi, wamebeba vikapu. Siku za joto baadhi yao waliyeyuka, mikono ikadondoka, na sakafu ikawa ya kunata. Kuta za kiwanda zilikuwa zikitoa michirizi ya molasi ya miaka mingi, na wageni walisema harufu yake iliwafuata hadi nje.

Sukari nyeupe ilianza kupatikana kwa bei ya chini Ulaya na Marekani kwa sababu ya watumwa wa mashamba ya miwa ya Karibi na Brazili. Na sisi tusijitoe: katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa, na sukari yake ikasafirishwa hadi Arabuni. Je, ni upotevu? Sukari iliyotumika ni ndogo ukilinganisha na inayotupwa na viwanda na mahoteli, lakini hilo si jibu la kukuridhisha, wala mimi haliniridhishi. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kampuni iliitoa bure na jina lake likang'aa katika kazi iliyokusudiwa kuwakumbuka waliofanyishwa kazi bila ujira. Hapo kutoafikiana kwetu, Mama, ni kudogo.

SWALI: Nilisikia kwamba wafanyakazi wa mashamba kule Lusanga, jimbo la Kwilu, wanachonga sanamu za chokoleti zinazouzwa Ulaya na Marekani. Sisi wa Katanga tunajua namna mali inavyotoka na picha nzuri zikarudi. Faida ya sanamu hizo inamrudia nani? Na Mzungu aliyeingia katika jambo hilo si anavuna kama mabwana wa zamani?
Msomaji wa Lubumbashi

JIBU: Ndugu yangu, swali hili linastahili nafasi kubwa, maana Lusanga ndipo sanaa hii imefika mbali kuliko pengine popote.

Lusanga iliitwa Leverville. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa William Lever, Mwingereza mwenye sabuni ya Sunlight, haki ya kujipatia hadi hekta 750,000 za misitu ya michikichi nchini Kongo, na mji huo ukawa makao yake. Mawese yalihitaji watu wa kukwea michikichi na kukata mikungu, na watu walipatikana kwa kodi, kwa mikataba wasiyoielewa na kwa shuruti ya askari. Wasomaji wa Tanga watawatambua mara moja. Kwao waliitwa manamba. Mwaka 1931, bei ya mawese ilipoanguka na kodi ikabaki palepale, Wapende, kabila la eneo hilo, waliasi. Ofisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa, na jeshi likalipiza kisasi kwa kuua mamia ya watu. Baadaye Wapende walichonga sanamu ya mbao ya Balot ili roho yake yenye hasira idhibitiwe na iwatumikie. Sanamu hiyo ilinunuliwa na mtafiti mmoja miaka ya 1970, na leo ni mali ya jumba la sanaa la Virginia, Marekani.

Fedha za sabuni, kwa upande wake, zilijenga jumba la sanaa. Lady Lever Art Gallery lilifunguliwa mwaka 1922 katika kijiji cha kiwanda cha Port Sunlight, na limejaa picha alizozikusanya bwana huyo. Kampuni iliyotokana na ile yake, Unilever, ilidhamini kuanzia mwaka 2000 hadi 2012 maonyesho makubwa kuliko yote ya jumba la Tate Modern, London. Mwaka 2009, katikati ya udhamini huo, iliuza mashamba yake ya Kongo. (Wasomaji wa Kongwa na Nachingwea wasilione hili kuwa la Wakongomani peke yao: mpango wa Waingereza wa kulima karanga Tanganyika, wa mwaka 1947, ulipendekezwa na kusimamiwa mwanzoni na United Africa Company, tawi la Unilever hiyohiyo, na ulipovunjwa mwaka 1951 hasara yake ilikuwa takriban pauni milioni 36. Ni mada inayomsubiri mchoraji.)

Hesabu hiyo ndiyo iliyoshikwa na umoja wa wasanii wa mashamba wa Kongo, unaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa CATPC, ulioanzishwa mwaka 2014. Ikiwa mashamba ndiyo yaliyolipia majumba ya sanaa, basi majumba hayo yana deni kwa mashamba. Wanachama, wengi wao wakiwa wamefanya kazi ya michikichi au kuzaliwa na walioifanya, hufinyanga sanamu kwa udongo wa mtoni. Sanamu hupigwa picha za pande tatu, na taarifa zake hutumwa Ulaya, ambako hutengenezwa kalibu na kumiminwa chokoleti. Katika ukumbi wa maonyesho husimama watu wa rangi ya kahawia iliyoiva, wanaong'aa kwenye mabega, alama za vidole vya mfinyanzi bado zikionekana, na wanaonukia peremende. Afrika Magharibi hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia na kula chokoleti kidogo mno, kwa hiyo malighafi yenyewe inasema kabla ya umbo kusema. Mwaka 2017 kazi hizo zilionyeshwa SculptureCenter, New York.

Sasa faida. Mauzo yametumika kununua tena ardhi ya zamani ya kampuni na kupanda miti ya chakula na msitu mchanganyiko, mahali ambapo mchikichi peke yake ulikuwa umeuchosha udongo. Mwenyekiti mwanzilishi wa umoja, René Ngongo, ni mwanaikolojia, na hilo linaonekana katika namna ardhi inavyotunzwa. Mwaka 2017 lilifunguliwa pia jumba jeupe la maonyesho katikati ya kijani cha Lusanga, lililochorwa na kampuni ya wasanifu ya OMA. Mwaka 2024 umoja huo ulipewa banda la Uholanzi katika maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice, Italia, na katika miezi hiyohiyo sanamu ya Balot iliazimwa kutoka Virginia hadi Lusanga, watazamaji wa Venice wakiiona kwa video ya moja kwa moja tu. Kwa mara moja, Mzungu ndiye aliyetazama picha na Mkongo akatazama kitu chenyewe.

Kuhusu Mzungu: Renzo Martens, msanii wa Kiholanzi aliyeshirikiana na umoja huo tangu mwanzo, alikwisha kujulikana kwa filamu ya mwaka 2008 iliyosema wazi kwamba umaskini wa Kongo ni bidhaa wanayoichuma wapiga picha wa nje. Wapo wanaosema kwamba alichofanya Lusanga ni kuendeleza uchumaji huohuo kwa adabu zaidi. Jina lake limepanda, milango ilifunguka kwa sababu yake, na kalibu ziko Ulaya. Nayachukulia malalamiko hayo kwa uzito. Lakini nikipima kazi hii na nyingine zote nilizozitaja leo, hii peke yake imebadilisha mmiliki wa shamba. Denes alivuna na kiwanja kikajengwa. Mazizi ya Texas yako palepale. Sanamu ya Walker ilivunjwa. Msanii wa umoja wa Lusanga kama Cedart Tamasala anaweza kutembea katika ardhi iliyonunuliwa kwa kazi yake na ya wenzake. Pale ninapobaki na kinyongo ni kwa Balot: aliazimwa kwa miezi, kwa masharti ya jumba la Virginia, na neno kuazima halitumiki kwa mtu anayerudishiwa chake.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sanaa. Baba analima mahindi, na nyumbani kuna magunia mengi matupu ya mbolea. Nataka kuyatumia katika maonyesho ya mwisho wa mwaka, lakini sitaki yaonekane kama takataka zilizoning'inizwa. Nianze wapi?
Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Anza na baba yako na daftari lake la matumizi, kama analo, kama hana, kaeni muandike pamoja. Tafuta bei aliyonunulia gunia moja la DAP na bei aliyouzia mahindi msimu uleule, kisha hesabu ni gorogoro (makopo ya kupimia nafaka) ngapi za mahindi zinalipia gunia hilo. Panga gorogoro hizo sakafuni zikiwa zimejazwa, na gunia tupu likae mbele yake. Usilipake rangi gunia. Maandishi ya kiwandani, uzito, nembo na nchi lilikotoka vina kazi kubwa kuliko chochote utakachokiongeza. Ukiweza kupata bei za misimu miwili au mitatu, fanya safu kwa kila msimu, na usimweleze mtazamaji kwa nini moja ni ndefu kuliko nyingine. Maelezo ya ukutani yawe mistari mitatu: bei, mwezi, na mahali mliponunua na kuuza. Kwa heshima ya Mama wa Kisauni, mahindi yarudi ghalani maonyesho yakiisha, na umwombe baba akubali kwanza kuonyesha hesabu zake mbele ya watu, kwa sababu ni mapato ya nyumba yenu.